Pua Yangu na Gudulia la Bi Mwanvita

Jumatatu, 5 Juni 1995

Mimi ni mtu wa bahati. Naandika wazi maana shajara haina wivu. Kuna watu wana elimu, kuna watu wana mashamba, mimi nina bahati. Ushahidi uko juu ya kabati, umefunikwa kitambaa alichofuma mke wangu Modesta: redio ya bendi tatu, niliyoshinda kwenye bahati nasibu ya parokia ya kwetu Mzumbe. Parokia nzima ilinunua tiketi. Redio ikaja kwa Jastin! Siiwashi. Kitu cha bahati hakichezewi.

Leo bahati imepiga hodi tena. Nilikwenda chuoni kuwauzia wahadhiri tai za mitumba. Tai nzuri, za Ulaya, moja ina picha ya bata. Hakuna aliyenunua. Watu wamesoma hivyo na shingo zao ziko uchi! Nikaona foleni. Sisi tuliolelewa na maduka ya kaya enzi za mgawo tuna nidhamu: ukiona foleni unaingia kwanza, unauliza baadaye. Nikaingia. Mbele yangu nani? Pazi. Pazi wa kiwandani, mtani wangu, ulimi wake kama msasa. Nikamuuliza foleni ni ya nini. Akasema ni ya kunusa. Nikauliza kunusa nini. Akasema mimi ningeanza na kwapa langu.

Mlangoni alikuwapo Daktari Winfrida. Si daktari wa sindano. Daktari wa harufu! Amesomea mambo ya harufu za pombe huko ng'ambo na sasa anatafuta watu wenye pua. Nikamwambia asitafute tena. Miaka yangu yote ya kiwanda cha ngozi kazi ilikuwa hiyo: kunusa ngozi na kusema hii imeoza, hii bado. Mpaka kiwanda kilipopata mwekezaji, na mwekezaji akapata kufuli.

Tukapewa vichupa tuviseme. Nikasema siki, karafuu, ndizi, gundi. Vyote sawasawa! Pazi anadai nilikuwa nasikiliza majibu yake. Kosa lake, anaongea kwa sauti.

Daktari akaeleza. Anachunguza pombe za kienyeji za Uluguru, anataka kujua harufu zake zimejengwa na nini. Kila mnusaji alete pombe moja ya kwao. Itakayoshinda kwa harufu itatiwa kwenye chupa zenye lebo, iende maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, na mpikaji wake ajengewe jiko la kisasa. Moyo wangu ukapiga kengele. Mama mkwe! Bi Anastasia wa Kinole! Pombe yake ya ndizi watu wanaipandia mlima kwa miguu na kuushuka kwa makalio.

Na imekuja wakati wake hasa. Jumapili mjomba wa Modesta, Mzee Gabrieli, anashuka kutoka Kinole kukaa kikao juu yangu. Kwetu Waluguru ardhi ni ya upande wa mama. Nyumba hii ya Bigwa, hapa Morogoro, iko juu ya ardhi ya ukoo wa Modesta, mimi nimo humu kama kuku mgeni, kamba mguuni. Mume asiyelima wala kuleta, mjomba ana haki ya kumrudisha kwa mama yake. Tangu lile kufuli, silimi na sileti. Lakini mkwe aliyemfikisha mama mkwe Nane Nane, nani atamrudisha? Nani?

Nikamweleza Modesta yote haya. Akauliza kama tai zimeuzwa. Haoni mbali.

Jumanne, 6 Juni

Maabara. Loo! Naandika taratibu ili nisikosee.

Wanachukua pombe, wanaimimina kwenye chombo cha kioo chenye umbo la peasi, wanaongeza dawa nyepesi kama petroli, wanatikisa. Dawa inaifyonza harufu na kuelea juu. Pombe inabaki chini. Halafu wanafungua koki chini na kuimwaga pombe. Kwenye sinki! Wanabaki na harufu! Nilishika kifua. Pazi alivua kofia. Hapo ndipo nilipojua elimu ikizidi inakuwa kitu gani.

Ile dawa nayo inapashwa moto kidogo kidogo mpaka inaruka, linabaki tone la kutosha jicho la kuku. Tone linadungwa ndani ya mashine yenye bomba jembamba lililojiviringa kama nyoka aliyeshiba. Daktari akasema harufu ya pombe si moja, ni kama kwaya. Ndani ya bomba wanakwaya wanaachana: wepesi wanatangulia, wazito wanajikokota, na mwishoni kila mmoja anatoka peke yake. Nusu yake inachorwa na kalamu kwenye karatasi, vilima na mabonde. Nusu inatokea kwenye faneli ya kioo, na kwenye faneli hiyo anakaa mtu mwenye pua. Mimi! Pua ndani, kidole kwenye kitufe. Ukisikia kitu, bonyeza, sema.

Nikabonyeza nikasema rangi ya kucha. Daktari akasema vizuri. Nikabonyeza nikasema ndizi. Akasema vizuri sana. Nikabonyeza nikasema soksi za mwalimu wetu wa darasa la tano. Akasema niseme soksi tu, inatosha. Kisha nikawa nasikia uturi kila mahali, mbele, nyuma, bila kukoma. Nikabonyeza bila kuachia. Daktari akainama, akaninusa, akavua miwani. Akasema hiyo si pombe, ni mimi. Kweli nilikuwa nimejipaka manukato mapya ya kioski, yana jina la Kifaransa, soko huria hili mtu ataachaje? Akanituma bombani nikanawe. Pazi akasema hata mashine imejua kuwa pua yangu ilifia kiwandani, na hii niliyobaki nayo ni ya kupigia chafya.

Kabla ya kuondoka Daktari akasisitiza: pombe iletwe kwenye chombo safi, kisicho na harufu yoyote. Akarudia. Akarudia tena akinitazama mimi.

Nyumbani kuna dumu lililokaa mafuta ya taa na chupa iliyokaa dawa ya kikohozi. Nikafikiri. Chombo safi kuliko vyote Bigwa kiko wapi? Ukuta kwa ukuta nami! Kwa Bi Mwanvita.

Bi Mwanvita ni jirani yetu, mama mtu mzima, hakosi sala. Mitungi yake ya maji inasimama barazani kama maharusi. Maji yake yana utamu, sijui anachota wapi. Hata shehe akipita anaomba kikombe. Na tangu niachishwe kazi, mama yule hajawahi kula bila kuuliza kama jirani amekula. Uji, maandazi, wali wa Ijumaa. Sitamsahau.

Nikaenda, shikamoo, marahaba mwanangu. Sikuweza kutamka neno pombe mbele yake. Nikasema kuna mgonjwa Kinole, anahitaji chombo safi cha maji. Akaingia ndani, akatoka na gudulia dogo jeusi la marehemu mama yake. Akasema nilichukue, ila mgonjwa akipata nafuu amwombee dua, na Ijumaa lirudi, ana wageni wa kisomo.

Nikatia pua mdomoni mwa gudulia, kitaalamu. Hakuna harufu. Hata chembe. Pua hii haikosei.

Jumatano, 7 Juni

Kinole! Nimepanda na lori la ndizi lililokuwa linarudi tupu. Gudulia mapajani kama mtoto.

Mkwe mwanamume na mama mkwe hatutazamani na hatusemeshani uso kwa uso. Heshima. Siku zote anakuwapo mtu wa katikati. Leo hapakuwa na mtu. Palikuwa na kuku.

Mama mkwe, nyuma ya mlango, akamwambia kuku amuulize huyo mwanamume kama amekuja na jembe. Nikamwambia kuku ampe mama shikamoo, na kwamba nimekuja na gudulia. Mama mkwe akamwambia kuku gudulia halipalilii. Nikapiga magoti mbele ya kuku, nikaeleza mradi mzima: mashine, chupa, lebo, jiko la kisasa. Nilipofika kwenye habari ya Nane Nane kuku akaondoka zake. Mazungumzo yakasimama. Nikamfukuza kwenye mananasi, nikamrudisha, nikamshika mbawa, tukaendelea.

 Mama mkwe akasema, kuku, mwambie mkwe wangu pombe nampa. Lakini watu wa mlima huu wananijua kwa pombe hii tu, sina kingine. Jina langu likichafuka mjini, asiikanyage tena njia ya kuja hapa. Nikamwambia kuku amtoe mama wasiwasi, yuko mikononi mwa mtu wa bahati. Kuku akajisaidia kwenye kiatu changu. Hiyo nayo ni ishara njema.

Akauliza, kwa kuku, gudulia zuri namna ile ni la nani. Nikamwambia kuku aseme ni langu.

Mkono ukatoka mlangoni, mimi nimegeuza mgongo. Gudulia likajaa. Akatoa na kibuyu kimoja, kutoka chungu hicho hicho, zawadi ya Modesta. Safari ya kushuka nilikilinda kibuyu kuliko roho yangu. Nilikilinda kwa kukipunguza.

Alhamisi, 8 Juni

Siku kuu! Siku ya Jastin!

Pombe ya Pazi ilitangulia, ya shangazi yake wa Ngerengere. Ndizi, gundi, siki, kwaya ya kawaida ya Jumapili ya kawaida. Kisha ya kwangu. Pua ndani. Rangi ya kucha, sawa. Ndizi, sawa. Soksi, sawa. Bomba likanyamaza. Nikadhani imekwisha. Halafu, taratibu, kutoka mbali, ikaja. Nikabonyeza, nikasimama, nikapiga kelele: PADRI!

Daktari akauliza padri gani. Nikasema padri yeyote, anapopita na chetezo, siku ya sikukuu. Akaniambia nikae nisichezee kazi. Akamweka Pazi. Pazi, mtu wa kunipinga hata nikisema mvua ni maji, akatia pua, akafumba macho, akasema: Pasaka. Daktari akakaa mwenyewe. Akanusa.  Kalamu ikachora mlima mmoja mwishoni, mrefu, peke yake, kama mlima wetu wa Lupanga ukiutazama kutoka stesheni.

Akasema amenusa pombe za ndizi za kila namna na hajakutana na kitu hiki. Kama utomvu wa mti fulani. Akaniuliza siri ya mama mkwe. Nikasema ni ya ukoo, tangu enzi za mababu, haisemwi mbele ya watani. Lakini sababu naijua. Mama mkwe ni mtu wa Moyo Mtakatifu wa Yesu, hakosi ibada. Pombe yake imebarikiwa. Jambo rahisi!

Nikawaambia watu wote njiani. Kinyozi, fundi baiskeli, wauza mchicha. Nikampelekea Mzee Gabrieli salamu kwa lori la ndizi: Jumapili aje na koti zuri. Modesta alisikia sokoni kabla sijafika nyumbani. Akapika kuku. Akaniita Baba Nane Nane. Akacheka! Tangu lile kufuli sijamsikia akicheka hivi.

Ijumaa, 9 Juni

Asubuhi Bi Mwanvita akaulizia gudulia. Gudulia liko maabara, limefungiwa ndani ya friji la Daktari na pombe iliyobaki. Nikasema mgonjwa amelikumbatia, hataki kuliachia. Bi Mwanvita akasikitika. Akasema basi, mgonjwa hanyang'anywi chombo, wageni watakunywa kwa vikombe. Akaniletea bakuli la uji wa mchele nimpelekee.

Nimekula uji. Mgonjwa anaendelea vizuri.

Chuoni Daktari akasema kwenye sayansi jambo likitokea mara moja halijatokea. Lazima lirudiwe. Nikamwambia hakuna shida, kibuyu cha chungu hicho hicho kiko nyumbani. Akanipa chupa yake ya kioo, iliyochemshwa, imekauka kama mfupa. Nikajaza, nikarudi mbio.

Rangi ya kucha. Ndizi. Soksi. Kimya. Nikangoja. Kimya. Nikasukuma pua mpaka faneli ikaniumiza. Hakuna padri. Hakuna hata mhudumu wa altare! Kalamu ikachora tambarare mpaka karatasi ikaisha. Pazi akauliza kwa upole kama padri amekwenda likizo.

Daktari akasema Jumapili baada ya misa atakuja Bigwa mwenyewe kwenye kikao, aongee na watu wa mama mkwe. Nikamwambia karibu sana. 

Nimefikiri nikapata. Gudulia nililipitisha chuoni Jumatano ile ile, halikulala kwangu. Kibuyu kililala chini ya kitanda changu mimi, mtu wa dhambi ndogondogo. Baraka imetoroka! Dawa yake ni kuirudisha.

Jumamosi, 10 Juni

Nimepata ubani kwa mtunza sakristia. Nilimwambia kuna mgonjwa.

Modesta yuko sokoni na mchicha wake. Nikamimina pombe ya kibuyu kwenye sufuria kubwa, nikaweka mkaa kwenye kigae, nikatupa ubani wote, nikaweka kigae kikielea juu ya pombe, nikafunika na blanketi. Mimi mwenyewe nikaingia chini ya blanketi kusimamia. Kigae kikazama. Pombe ikachemka, majivu yakaruka, moshi ukatoka madirishani. Mtaa mzima ukajua kuna maiti. Wanawake wawili wakaanza kulia kabla hawajauliza nani. Pazi, aliyekuja kunichungulia kwa kisingizio cha kununua tai, akalia zaidi yao.

Ndipo Bi Mwanvita akaingia na ndoo ya maji. Akamwaga. Akanikuta mweusi kama sufuria lenyewe. Akavuta pumzi, akashangaa, akacheka. Akasema, mwanangu Jastin, kumbe na wewe unataka kufukiza? Mbona hukuniuliza? Ubani haufukizwi ndani ya maji! Unageuza mtungi ukiwa mtupu, mdomo chini juu ya moshi, mtungi unanywa moshi wote, ndipo unatia maji. Mitungi yangu yote nafanya hivyo, na lile gudulia la mama ndilo lililokunywa ubani kuliko yote, tangu mimi sijazaliwa.

Nikakaa sakafuni. Lupanga wote ukaniangukia. Si mama mkwe. Si Moyo Mtakatifu. Gudulia! Gudulia nililolinusa kitaalamu!

Bi Mwanvita alikuwa bado anacheka. Kisha akatazama sufuria. Akanusa tena, safari hii akasikia kilichokuwamo. Akauliza polepole, kama hataki kujibiwa, gudulia lake lilipelekewa mgonjwa nini.

Nikavuta blanketi kulifunika sufuria. Pazi naye, kwa mara ya kwanza maishani, akanisaidia.

Bi Mwanvita hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akasema marehemu mama yake alimpa lile gudulia siku anaolewa, na halijawahi kuingia kitu ila maji. Akachukua ndoo yake akaenda. Jioni hapakuja uji.

Jumapili, 11 Juni

Kikao. Uani kwetu, mkeka na benchi la kuazima.

Mzee Gabrieli kaja, koti zuri kweli. Mama mkwe naye kashuka! Hashuki hata kwa sikukuu. Akaketi ndani, nyuma ya mlango, na kuku kamshika kwapani. Yule yule! Daktari Winfrida akafika na gari la chuo, gudulia mkononi. Pazi akaja bila kualikwa, amevaa kama anakwenda kuzika.

Mimi nilikuwa nimejipanga. Uongo nilioutunga asubuhi ulikuwa wa daraja la juu: babu wa ukoo, mti wa siri msituni, utomvu unaovunwa na mwanamwali mwaka hadi mwaka. Nikasimama, nikakohoa, nikaanza na babu. Hapo akatokea Bi Mwanvita. Kashika sinia. Chai ya tangawizi na maandazi, kwa wageni wa jirani yake. Akaweka mbele ya Mzee Gabrieli, akampa shikamoo, akarudi kukaa kizingitini kwake. Mimi hakunitazama.

Babu wa ukoo nikamwacha huko huko msituni. Nikasema yote. Gudulia, mgonjwa, uji, kigae. Nilikuwa nalia na kusema, kusema na kulia, tai yangu ya bata ikalowa.

Daktari akasema yeye alitaka chombo kisicho na harufu. Alichopima ni gudulia, si pombe, kwa hiyo pombe yetu imetoka mashindanoni. Itakayokwenda Nane Nane ni ya shangazi yake Pazi. Pazi akainamisha kichwa kwa unyenyekevu mbaya kabisa.

Kisha Daktari akamgeukia Bi Mwanvita kwa adabu zote, akaomba siku moja apime maji ya mitungi yake kwenye ile mashine. Bi Mwanvita akajibu kwamba mashine iliyokunywa pombe za Uluguru nzima isisogee kwenye maji yake. Ikitubu, wataongea.

Akapokea gudulia. Akamwaga kilichobaki, akalisuuza, akalisuuza tena. Hakulirudisha barazani. Akalilaza kifudifudi mbali na mitungi mingine, polepole, kama anayemlaza mtu.

Sikuweza kuvumilia. Nikasema mbele ya wote: namfidia Bi Mwanvita kwa redio yangu, redio ya bahati, kitu pekee nilicho nacho duniani! Watu wakaguna. Mzee Gabrieli akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Modesta akanitazama kama siku ya harusi. Nilijisikia mkubwa sana. Kwa muda mfupi sana.

Mzee Gabrieli akauliza sasa huyu anarudishwa kwa mama yake au harudishwi. Modesta akasema mama aliyenizaa mimi ameshatuma salamu kutoka Mzumbe: asirudishwe, wamezoea bila yeye. Mzee akakuna kidevu. Akaamua: mkwe apande Kinole, akapalilie mananasi ya mama mkwe aliyemtia aibu, mpaka mama mkwe mwenyewe aseme basi.

Nyuma ya mlango ikasikika sauti. Kuku, mwambie mkwe wangu jembe liko nyuma ya nyumba.

Jumatano, 21 Juni

Kinole. Mikono ina malengelenge, mgongo umepinda kama mundu. Mananasi yanachoma kuliko maneno ya Pazi. Kuku anakuja kunisimamia.

Lakini akili hailali! Leo nikipalilia upepo umeleta mdalasini kutoka shamba la chini, na karafuu kutoka la juu. Nikasimama. Daktari Winfrida anatoa harufu kwenye pombe kisha anamwaga pombe. Mimi nitafanya kinyume: naweka harufu ndani ya pombe! Mdalasini, karafuu, ganda la nanasi, vinalowekwa pamoja, kisha nachuja. Manukato ya wanaume, mali ya Uluguru, jina la Kifaransa. Vioski vyote vya Morogoro vitapanga foleni. Mama mkwe atajengewa majiko mawili, na Bi Mwanvita nitamnunulia gudulia la dhahabu.

Kinachotakiwa ni chombo safi kisicho na harufu. Hilo ndilo somo nililolipata, na silisahau. Nimefikiri: chombo safi kuliko vyote Kinole ni kile cha maji ya baraka pale kigangoni. Nimekwenda kwa katekista. Amekubali kuniazima mpaka Jumamosi. Nimemwambia kuna mgonjwa.

Jioni dereva wa lori la ndizi kaleta salamu za Modesta. Redio imefika kwa Bi Mwanvita, na kitambaa chake. Akanunua betri mpya. Majirani wakajaa kusikiliza taarifa ya habari. Akawasha. Kimya. Akampelekea fundi. Fundi akafungua nyuma akakuta mende watatu na jani la mwembe. Bi Mwanvita hakukasirika. Kasema nia ya mtu ndiyo sadaka, redio kaiweka dirishani, inapendeza ukiwa mbali. Na kauliza kama nala vizuri huko mlimani.

Modesta yeye kauliza jambo moja tu: ile bahati nasibu.

Basi. Hakukuwa na bahati nasibu. Redio niliiokota jalalani nyuma ya kiwanda, ganda tupu. Bahati sina. Sijawahi kushinda kitu.